Kidole cha Glavu

Miaka ya 1940 ilipokuwa ikielekea ukingoni, hospitali ya Good Samaritan mjini Cincinnati, Ohio, ilikuwa na kijana wa kusafisha vifaa aliyeitwa Thomas Fogarty. Baba yake alikuwa amefariki yeye akiwa bado mdogo, na pesa aliyolipwa ilihitajika nyumbani. Baadaye alipandishwa akawa msaidizi wa chumba cha upasuaji, yule anayesimama kando ya meza na kumkabidhi daktari mkasi, koleo na uzi. Msaidizi wa namna hiyo haulizwi maoni. Lakini macho anayo.

Alichokiona hakikumtoka. Wagonjwa waliletwa mguu ukiwa umepoa na kubadilika rangi kwa sababu bonge la damu lilikuwa limeziba ateri. Siku hizo, ili kulitoa, daktari aliupasua mguu kwa chale ndefu, akaifungua ateri, akalitoa bonge kipande kwa kipande. Kazi hiyo ilichukua saa nyingi. Wagonjwa wengi walifariki, na wengi wa waliopona walirudi nyumbani bila mguu. Upasuaji wenyewe ulikuwa mzigo mzito kama ugonjwa.

Jack Cranley, daktari bingwa wa mishipa hospitalini hapo, alimwona kijana huyu ana kitu, akamhimiza asome. Fogarty hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Alikuwa mtoro wa shule, mpenda uvuvi, mtu wa kufungua mashine na kuziunda upya. Hata hivyo aliingia Chuo Kikuu cha Xavier, kisha akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Cincinnati mwaka 1960. Muda wote huo lile swali la chumba cha upasuaji lilikuwa likimsumbua: lazima mguu wote upasuliwe?

Jibu lake lilikuwa dogo. Alichukua mrija mwembamba wa aina inayotumika kwenye njia ya mkojo. Akakata ncha ya kidole cha glavu ya daktari, akaifunga mwishoni mwa mrija ikawa puto. Mrija ungepenyezwa kupitia chale ndogo, puto likiwa limenywea, ukapita katikati ya bonge hadi ng'ambo yake. Hapo puto lingejazwa maji, kisha mrija ungevutwa taratibu kurudi nyuma, puto likilikokota bonge lote hadi nje. Usidharau wembamba wa reli.

Tatizo likawa gundi. Wakati huo hakuna gundi iliyoweza kuushikamanisha mpira wa glavu na plastiki ya mrija. Hapo ndipo utoro wake ulipomlipa. Tangu utotoni alijua kutengeneza chambo bandia, vile vidudu vya manyoya na uzi vinavyofungwa kwenye ndoana kwa mafundo madogo mno ili samaki adhani ni mdudu wa kweli. Mafundo ya mvuvi yakalishika puto.

Kampuni alizoziendea zilikataa kukitengeneza. Mwaka 1961 Cranley alikitumia kwa mgonjwa, na kikafanya kazi. Fogarty, ambaye sasa alikuwa mafunzoni Portland, Oregon, aliendelea kuvifunga kwa mkono, kimoja kimoja. Mlango ulifunguliwa na daktari wa moyo Albert Starr. Mwaka 1960 Starr alikuwa amepandikiza vali bandia ya moyo aliyoiunda pamoja na Lowell Edwards, mhandisi wa pampu. Edwards alikuwa na kiwanda, na kiwanda hicho kikakubali kazi. Mwaka 1969 Marekani ikatoa hataza namba 3,435,826.

Hataza mara nyingi huzungumzwa kama kufuli, na kufuli kweli lipo. Lakini ni nusu tu ya mkataba. Nusu ya pili inamtaka mvumbuzi aeleze kwa maneno na michoro jinsi kitu chake kinavyotengenezwa, ili mwenye ujuzi asome na aweze kukiunda. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, ulinzi ulidumu miaka 17 tangu hataza itolewe. Kufikia 1986, hataza hiyo haikumzuia tena mtu yeyote kukiunda chombo cha Fogarty bila kuomba ruhusa.

Kuna jambo jingine. Kila ombi jipya la hataza hupimwa kwa zile zilizotangulia, na zinazohusika huorodheshwa ndani yake. Hivyo hataza inayotajwa sana ni kama jina la babu katika nasaba: kila mjukuu anayejieleza hulazimika kulipitia.

Lakini nasaba ya vyombo hivi haikai yote kwenye karatasi. Mwaka 1964, hukohuko Portland, Charles Dotter aliupanua mshipa uliosinyaa wa mguu wa mama wa miaka 82, bila kuupasua mguu. Andreas Grüntzig akaichukua mbinu hiyo hadi Zürich, akatengeneza puto lake mezani jikoni kwake, na mwaka 1977 akafungua kwa puto mshipa wa moyo wa mtu aliye macho. Puto la Fogarty lilikokota. La Grüntzig lilisukuma ukuta wa mshipa. Mwaka uliofuata, daktari kutoka Argentina, Julio Palmaz, alimsikiliza Grüntzig mjini New Orleans akajiuliza mshipa ukisinyaa tena itakuwaje. Akaanza na kipande cha wavu wa chuma wa kupigia plasta, alichokikuta gereji kwake. Hataza yake ya stenti ilitolewa mwaka 1988, nayo ni miongoni mwa zilizotajwa mno katika historia ya tiba.

Huko mbele fedha zilikuja na mahakama zikafuata. Mwaka 2010 Boston Scientific ilikubali kuilipa Johnson & Johnson dola bilioni 1.725 ili kumaliza kesi za hataza za stenti. Ni mbali sana na kidole cha glavu.

Hesabu za kutajwa zina faida, lakini zina upofu wao. Hataza ya 1969 inamtaja mvumbuzi mmoja. Haimtaji Cranley, ambaye kabla ya kuwa na chombo chochote cha kushika alikuwa na kijana mtoro wa kumsikiliza, na ambaye aliweka jina lake la udaktari rehani siku alipokiingiza kifaa cha mwanafunzi ndani ya ateri ya mgonjwa. Haiwataji wagonjwa waliokuwa wamekwisha kufa kwa njia ya zamani. Hakuna mahali pa kuwaandika kwenye fomu.

Leo katika vyumba vya upasuaji vya nchi nyingi, daktari hunyoosha mkono na kusema neno moja tu: "Fogarty." Jina la mtu limekuwa jina la chombo. Na anayekiweka chombo hicho mkononi mwake ni msaidizi aliyesimama kando ya meza, asiyeulizwa maoni, anayetazama.