Kabla Hamjapanga Safari ya Aberdare na Mlima Kenya, Muulizeni Shosho

Desemba ikikaribia, familia nyingi Nairobi huwa na ploti moja tu: tutoke mji. Wenye pesa ya ndege wanaenda Diani. Sisi wengine tunachanga mafuta, tunaazima gari la anko, na tunaelekea milimani. Ukiuliza fomu ni gani, unapewa ratiba hii: Thika Road, Kenol, Sagana, Karatina, halafu Nyeri. Siku mbili ndani ya mbuga ya Aberdare. Kisha Nanyuki, picha pale kwa kibao cha ikweta, siku moja Mlima Kenya kupitia geti la Sirimon, na kurudi nyumbani kupitia Meru na Embu.

Ni ratiba poa sana. Shida yangu ni moja: ni ratiba ya mgeni. Ni ile ile anayopewa mtalii aliyetua juzi, ya maporomoko, ndovu, selfi na chai ya moto. Sasa mtalii hana shosho aliyezaliwa chini ya mlima ule. Wengi wetu tunaye. Na maoni yangu leo ni kwamba mbuga hizi mbili ni albamu ya familia zetu. Tukizipitia bila wazee wetu, tunaangalia tu jalada na kurudi mjini.

Anza na majina

Aberdare ni jina la nani? Mskoti mmoja, Joseph Thomson, alipita huku mwaka 1883 na 1884 akiwa ametumwa na Royal Geographical Society ya London. Rais wa hiyo chama wakati huo alikuwa Lord Aberdare. Thomson akaona safu ya milima na akampa bosi wake zawadi. Yaani ni kama wewe upewe kazi ya kupiga picha Kisumu, halafu uliite ziwa jina la anayekulipa mshahara.

Wakikuyu tayari walikuwa na jina: Nyandarua. Husemwa kwamba ukiitazama safu ile kwa mbali inafanana na ngozi iliyoanikwa ikauke. Jina hilo halikufa, leo ni jina la kaunti nzima. Lakini getini pale kwa mbuga, kibao bado ni cha Lord Aberdare.

Mlima Kenya nao una stori yake. Tarehe 3 Desemba 1849, mmishonari Johann Ludwig Krapf aliuona akiwa Kitui, kwa Wakamba. Aliporipoti kwamba una theluji, wasomi wa Ulaya walimcheka: theluji hapa kwa ikweta? Jina aliloandika, ambalo alilisikia kwa wenyeji, ndilo baadaye likawa jina la nchi yote. Kumbuka hilo ukitoa kitambulisho chako. Jina lililo juu yake ni la ule mlima.

Halafu 1899 akaja Halford Mackinder. Tarehe 13 Septemba mwaka huo yeye, César Ollier na Joseph Brocherel walifika kilele cha Batian, mita 5,199. Vilele vikubwa akaviita Batian, Nelion na Lenana, majina ya viongozi wa kiroho wa Wamaasai. Angalau hapo alikumbuka watu wa huku. Lakini msafara wake ulikuwa na wapagazi zaidi ya 150, Waswahili na Wakikuyu, waliobeba mzigo wote kutoka Nairobi kwa miguu. Wazungu watatu wa kileleni wameandikwa kila mahali. Sasa wewe nitajie mpagazi mmoja tu.

Mwaka 1950, mambo mawili

Mbuga ya Mlima Kenya ilitangazwa rasmi mwaka 1949. Ya Aberdare ikafuata 1950. Na mwaka huo huo wa 1950, serikali ya kikoloni ikapiga Mau Mau marufuku.

Ziweke hizo habari mbili kando kwa kando uone. Upande mmoja, ardhi ya juu inawekewa mipaka ili wanyama walindwe na wageni wastarehe. Upande mwingine, watu wa ardhi ya chini, waliokuwa wamebanwa kwenye maeneo ya akiba huku mashamba makubwa yakiwa ya walowezi, wanaambiwa kiapo chao ni uhalifu.

Hoteli ya Treetops ndiyo mfano mzuri. Eric Sherbrooke Walker, mwenye hoteli ya Outspan pale Nyeri, aliijenga juu ya mti mwaka 1932 ili wageni wakae usiku watazame wanyama wakija kunywa maji. Usiku wa tarehe 5 Februari 1952 alilala huko binti mfalme Elizabeth wa Uingereza. Baba yake akafariki usiku huo, kwa hiyo alipanda juu ya mti akiwa binti mfalme na akateremka akiwa malkia. Stori hiyo kila mwongozaji watalii Nyeri anaijua kwa moyo.

Sehemu ya pili husimuliwa haraka haraka. Miezi minane baadaye, tarehe 20 Oktoba 1952, hali ya hatari ikatangazwa Kenya. Mwaka 1953 misitu ya Aberdare na Mlima Kenya ikawa eneo lililokatazwa. Ukionekana humo ndani, unaweza kupigwa risasi bila kuulizwa swali. Ndege za kijeshi za Uingereza, zikiwemo zile kubwa za Lincoln, zikadondosha mabomu msituni. Tarehe 27 Mei 1954, Treetops ikachomwa. Hoteli iliyopo leo ni ya baadaye, ilijengwa upya 1957.

Kwa hivyo ukisimama pale juu na kikombe chako cha chai, ukingoja ndovu waje, jua kwamba msitu ule uliwahi kuwa uwanja wa vita.

Shosho alikuwa wapi?

Hapa ndipo hesabu inakuwa ya nyumbani. Kama shosho wako alizaliwa 1940 Nyeri, Murang'a, Kirinyaga ama Embu, mwaka 1954 alikuwa msichana wa miaka 14. Mwaka huo ndio serikali ilianza kuhamisha watu kwa nguvu na kuwaweka kwenye vijiji vya lazima, vyenye walinzi na saa za kutotoka nje. Zaidi ya watu milioni moja walihamishwa. Nyumba za zamani zikachomwa. Kwenye ukingo wa msitu wa Mlima Kenya ukachimbwa mtaro wa karibu kilomita 80, ili chakula kisifike kwa wapiganaji. Ulichimbwa kwa mikono, kwa kazi ya kulazimishwa, na wengi waliotolewa kuchimba walikuwa wanawake.

Sasa fikiria mama huyo yuko kwenye kiti cha nyuma, anakula mahindi ya kuchoma ya Karatina, na nyinyi mnabishana kuhusu nani ashike spika. Mkipita mahali ambapo huenda alichimba, hamtajua. Hamkumuuliza.

Kwa nini wazee walinyamaza? Sababu moja ni ya kisheria, na wengi wetu hatuijui. Ile marufuku ya 1950 haikuondolewa siku ya uhuru. Iliondolewa mwaka 2003. Hiyo ni miaka 40 ya Kenya huru, na bado Mau Mau kwenye vitabu vya sheria ilikuwa kundi haramu. Ungekuwa wewe, ungewahadithia watoto?

Sababu ya pili ni chungu zaidi. Si kila guka alikuwa msituni. Wengine walikuwa homgadi, wale ngati waliosimama upande wa serikali. Wengine walikuwa tu wanajaribu kuishi. Kuna boma ambazo ndugu mmoja alikuwa msituni na mwingine ana bunduki ya serikali. Baadaye walikutana kanisani, wakaoleana, wakagawana mashamba, na kimya kikawa ndicho kinashikilia familia pamoja. Usiingie kwa shosho kama hakimu. Ingia kama mjukuu.

Nyeri kuna kaburi, na kuna kaburi halipo

Kama mtasimama mahali pamoja tu kabla ya getini, simameni Nyeri mjini. Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, alifariki hapo tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake linatunzwa vizuri. Maskauti kutoka dunia nzima huja kulitembelea. Sina neno na hilo.

Lakini Dedan Kimathi alikamatwa karibu na mji huo huo, tarehe 21 Oktoba 1956, akitoka msitu wa Aberdare. Akahukumiwa Nyeri, akanyongwa gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa huko bila alama. Tumempa barabara, chuo kikuu, na tangu 2007 sanamu katikati ya Nairobi. Kaburi bado. Mjane wake, Mukami Kimathi, aliomba mabaki ya mumewe kwa miaka mingi. Alifariki Mei 2023 bila kuyazika.

Miezi minne baadaye, Septemba 2023, akatutoka Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyepanda cheo hadi field marshal. Alikaa msituni zaidi ya miaka kumi, akatoka Kenya ilipopata uhuru. Rasta alizoota msituni alikaa nazo mpaka Aprili 2022. Mwaka mmoja, mashahidi wawili wakubwa wameenda. Uingereza ilikubali mwaka 2013 kuwalipa waathiriwa 5,228 wa mateso ya wakati ule jumla ya pauni milioni 19.9, lakini sauti zao haziwezi kulipiwa zirudi. Hii ndiyo sababu nasema Desemba hii, si ile ijayo.

"Lakini si ni likizo tu?"

Najua kuna mtu anasema wacha watu wapumzike, mambo ya historia tulimalizana nayo kidato cha nne. Sawa. Mwingine atasema kama mbuga zilianzwa na wakoloni, basi tuzifungue watu walime. Hapo nakataa kabisa. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka kwenye mito ya Aberdare kupitia bwawa la Ndakaini. Ukiona mfereji umekauka Umoja, shida inaweza kuwa imeanzia kule juu. Ule ua wa umeme wa karibu kilomita 400 unaozunguka Aberdare ulikamilika 2009 baada ya miaka 20 ya kazi, na umesaidia ndovu wasiingie mashambani na mashoka yasiingie msituni.

Na vita vya msitu huo havijaisha, vimebadilika sura tu. Kuna mpango wa kupitisha barabara ya lami katikati ya Aberdare, kutoka Ihithe hadi Ndunyu Njeru. Wanaoitaka wanasema itafupisha safari kati ya Nyeri na Nyandarua. Wanaoipinga wanasema itakata makao ya wanyama vipande viwili, na kesi imefika kortini. Ihithe ndiko alikozaliwa Wangari Maathai mwaka 1940. Sisi tunaopenda safari za gari ndio tutaambiwa lami ile ni yetu. Heri tujue tunachoulizwa kabla ya kushangilia.

Sasa pangeni hivi

Epukeni mvua ndefu za Machi hadi Mei. Aberdare ikinyesha, gari la chini linakwama, kwa hiyo tafuteni linalovuta kwa magurudumu yote manne. Malipo ya kuingia fanyeni kwa eCitizen mapema. Bebeni sweta kwa kila mtu, juu kule ni zaidi ya mita 3,000 na baridi haina mchezo. Shosho akiwa na presha, muulizeni daktari kwanza. Si lazima afike juu. Anaweza kubaki Nyeri kwa jamaa na bado akawa ndiye mwongozaji wenu.

Usiku kabla ya kuingia mbugani, zimeni redio mumuulize mambo madogo. Mlikuwa mnaishi wapi kabla ya kijiji? Mlikula nini? Nani hakurudi? Muombe ruhusa kabla hujawasha simu kurekodi. Aongee Kikikuyu, Kiembu, Kimeru, lugha anayoota nayo. Kutafsiri ni kazi yako. Akikataa kusema, mwachie, mmwagie chai nyingine.

Usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963, Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya kilele cha Lenana, mita 4,985. Kati ya msichana anayechimba mtaro 1954 na bendera hiyo ni miaka tisa tu. Miaka tisa ni kutoka darasa la kwanza hadi kidato cha kwanza. Shosho aliishi zote, siku kwa siku. Maporomoko ya Karuru yatakuwepo mwakani na hata mwaka ule mwingine. Yeye mpigie simu leo jioni, umwambie kuna kiti chake kwa gari.