Deki ya Video na Amana za Nyumba

Kila zama huja na vyombo vyake, na kila chombo huja na mtihani wake. Kalamu ilipokuja, watu waliandika kheri na wakaandika shari. Ikaja gramafoni, ikafuata redio, kisha tepu ya kunasa sauti. Na kila mara wazee wetu waliuliza suala lile lile: je, chombo hiki kitatusitiri au kitatufedhehi? Leo twataka kueleza taarikh ya chombo ambacho wakati wake umekwisha pita, nacho ni deki ya video, na kazi ya mafundi wanaoifufua. Huenda msomaji akasema: "Kitu kilichokufa kina khabari gani tena?" Jawabu yetu ni kwamba deki ikifa, yaliyomo ndani ya kaseti hayajafa bado. Yamo kabatini, yanangoja, na siku zake zinahisabika.

Mashine ya kwanza ya kunasa picha juu ya utepe iliyofaa kwa kazi ya stesheni ilionyeshwa Marekani mwaka 1956 na kampuni ya Ampex. Ilikuwa kubwa kama kabati la nguo, na utepe wake ulikuwa na upana wa inchi mbili. Hapana mtu ambaye angeiweka nyumbani. Mwaka 1971 kampuni ya Sony ya Japani ilileta U-matic, ambayo utepe wake ulifungwa ndani ya kaseti, usiguswe na mkono. Mwaka 1975 Sony hao hao wakatoa Betamax kwa matumizi ya nyumbani, na mwaka 1976 kampuni ya JVC, ya Japani vile vile, ikatoa VHS. Mifumo hii miwili ilishindana kwa miaka mingi. VHS ilishinda kwa sababu kaseti yake ilichukua muda mrefu zaidi, na kwa sababu JVC iliwapa rukhsa watengenezaji wengi kuunda deki za namna hiyo. Ndiyo maana kaseti nyingi tulizo nazo majumbani ni za VHS.

Ama huku kwetu, Zanzibar ilitangulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilifungua televisheni yake, tena ya rangi, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado na picha za weusi na weupe. Tanzania Bara haikuwa na stesheni yo yote mpaka mwaka 1994, ilipoanza ITV na wenzake. Basi bara mambo yalikwenda kinyume na kwingineko: kaseti ilitangulia stesheni. Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na deki zikaanza kuonekana zaidi. Ziko nyumba zilizokuwa na televisheni kwa miaka mingi pasi na kuona khabari hata moja; kioo kile kilikuwa cha deki tu.

Nyingi katika deki hizo zililetwa na jamaa waliokuwa Maskati, Dubai au Jeddah. Na hapo watu walijifunza somo kwa gharama. Picha za Oman na za kwetu zilikwenda kwa mfumo wa PAL, za Saudia wakati ule kwa SECAM, na za Marekani kwa NTSC. Kaseti iliyotoka kwa jamaa ikatiwa katika deki ya mfumo mwingine, ikaonyesha mistari au picha isiyo na rangi, na mwenyewe akadhani imeharibika. Haikuharibika, ilikuwa ikisema lugha isiyofahamika na deki ile.

Na watu walitazama nini? Hatutaficha. Walitazama filamu za Kihindi na za ngumi, na mabanda ya video yakafunguliwa mitaani, ambako watoto waliingia saa za chuoni na saa za Sala. Masheikh walionya, na walikuwa na haki ya kuonya. Lakini chombo kile kile kilibeba mambo mengine. Mihadhara ya Sheikh Ahmed Deedat wa Durban, pamoja na mjadala wake wa mwaka 1986 na mhubiri Jimmy Swaggart huko Marekani, ilizunguka dunia nzima kwa kaseti za video. Kisha kamera zikaingia katika shughuli zetu wenyewe: maulidi, khitma, kuagana na mahujaji, na khasa arusi. Hapo kaseti ikaacha kuwa kitu cha dukani, ikawa sehemu ya nyumba.

Sasa twende Kagera, na msomaji wa pwani asione kuwa tumempeleka ugenini. Njia baina ya pwani na nchi ile ni ya zamani. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na makao yao Kafuro, katika Karagwe, na msafiri Speke aliwakuta huko mwaka 1861. Vitambaa na shanga vilipanda, pembe zikashuka. Njia ya bidhaa huwa pia njia ya lugha na ya dini, na hata leo baina ya Bukoba na miji ya pwani kuna undugu na kuoana. Izigo ni kata ya wilaya ya Muleba, iliyo katika barabara inayotoka Bukoba kwenda Muleba, katika nchi ya migomba na kahawa. Tumeichagua kwa sababu ya jambo moja, nalo ni mvua. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Nyumba ya Izigo na nyumba ya Lamu ziko mbali sana, lakini adui wa kaseti zao ni mmoja: unyevu.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Izigo ana kaseti ya arusi yake ya miaka ya 1980. Ndani yake yumo baba yake mzazi akisoma dua, naye amekwisha kufa. Wamo mashangazi waliotoka pwani, na wengi wao pia wametangulia. Deki yake imekaa miaka kumi bila ya kuwashwa. Aitie kaseti ile aitazame? La, asifanye hivyo. Na sababu tutaieleza kwa kufuata kazi ya fundi.

Fundi mzuri haanzi na kaseti, huanza na deki. Kwanza hutazama mipira. Ndani ya deki mna mipira myembamba ya kuzungushia na gurudumu dogo la mpira linalovuta kaseti upande wa kupokea utepe. Mpira ukizeeka hukauka na kuteleza. Utepe unatoka upande mmoja na upande wa pili haupokelewi, basi unamwagika ndani na kusagwa. Huku ndiko watu wanakosema "deki imekula kaseti." Wako wanaosugua mpira ule kwa msasa ukashika siku chache, lakini dawa yake ya kweli ni mpira mpya, au mzima uliotolewa katika deki nyingine iliyokufa.

Pili hutazama umeme. Kapasita za deki hukauka au kuvuja kwa joto na kwa umri, na deki ikakataa kuwaka, ijapokuwa vyengine vyote ni vizima. Kapasita ni kitu cha bei ndogo, ila kulehemu kwake kwataka mkono mtulivu. Na hapa kuna khatari: kapasita huweza kubaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Mwenye pupa asiingize bisibisi humo.

Tatu husafisha hedi. Ndani ya deki mna ngoma ndogo ya madini yenye kipenyo cha milimita 62, na hedi zimepachikwa ukingoni mwake. Katika mfumo wa PAL ngoma hii huzunguka mara 1,500 kwa dakika, na utepe hupita juu yake kwa mshazari. Uchafu kidogo tu wa hedi unatosha kuifanya picha yote iwe chembe chembe. Fundi anayejua hutia spiriti safi katika kipande cha ngozi laini, akakishikilia kwa upole, akaizungusha ngoma kwa mkono. Hasugui juu na chini hata mara moja, wala hatumii pamba, kwani nyuzi za pamba hunasa na kuvunja ncha ya hedi, na ikivunjika hairudi. Kazi hii ya dakika chache ndiyo inayompambanua fundi na mbabaishaji.

Ndipo hugeukia kaseti. Huitazama kwa mwangaza kupitia kidirisha chake. Akiona unga mweupe juu ya utepe, huo ni ukungu. Kaseti yenye ukungu ikitiwa katika deki, huchafua hedi na kuambukiza kila kaseti itakayofuata, na utepe ulioshikana huweza kukatika. Ndiyo sababu tumemkataza yule mama. Kaseti hiyo huwekwa mbali na nyenzake, hukaushwa mahali pasipo unyevu wala jua kali, hufunguliwa na kusafishwa polepole, na fundi hufunika pua na mdomo asivute unga ule. Na utepe uliokatika haugandishwi kwa gundi ya karatasi ya ofisini, kwani gundi ile huyeyuka na kuharibu hedi. Una gundi yake maalumu, nayo hubandikwa upande wa mgongo wa utepe. Picha za pale palipokatwa hupotea, lakini arusi nzima husalimika.

Kwa nini twahimiza? Kwa sababu mlango unafungwa. Sony waliacha kutengeneza deki za Betamax mwaka 2002 na kaseti zake mwaka 2016. Mwezi wa Julai mwaka huo huo wa 2016 kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kujulikana katika kazi hiyo, iliacha kutengeneza deki za VHS. Na mwezi wa Septemba wa mwaka huo, tarehe 10, tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera, na nyumba kwa maelfu zikabomoka au kupasuka. Kilichokuwa kabatini kilianguka pamoja na kabati. Mwaka 2019 UNESCO na wataalamu wa hifadhi ya sauti na picha walitoa tahadhari kwa dunia nzima kwamba tepe hizi zisipohamishwa karibu na mwaka 2025, nyingi hazitasomeka tena, kwa kukosa mashine na mafundi. Mwaka huo umekwisha fika.

Lakini, ndugu msomaji, haraka isitusahaulishe jambo lililo zito kuliko mipira na kapasita. Katika kaseti za arusi wamo wanawake wetu bila ya mabuibui. Bibi arusi amepambwa, mama zake na dada zake wanacheza ukumbini, mlango umefungwa, na aliyeshika kamera ni mwanamke mwenzao. Walikubali kunaswa kwa sharti la mlango ule. Leo kaseti hiyo inatiwa mfukoni na kupelekwa kwa fundi asiyejulikana, ambaye ataihamisha picha katika kompyuta yake. Zamani, aliyetaka kuiba picha za kaseti alihitaji deki mbili na saa tatu. Leo picha ikishakuwa ndani ya simu, haina tena wa kuirudisha.

Aya ya 58 ya Suratun Nisai yatuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe. Watu hudhani amana ni fedha na dhahabu tu. La! Sura ya mtu ni amana. Sauti ya marehemu ni amana. Fundi aliyeirudisha kaseti na kubaki na nakala hakurudisha amana. Amerudisha ganda na kuzuia kiini. Hiyo ni khiyana hata kama hajamwonyesha mtu, na hata kama alikusudia kutazama peke yake.

Basi yafaa fundi ajiwekee mipaka. Kuijaribu kaseti kwatosha dakika moja. Si lazima aketi aitazame. Picha ikishatulia, aufunike uso wa kioo na kuiacha kazi iende kwa kuhisabu muda, kwani kaseti ya saa tatu hula saa tatu, hapana njia ya mkato. Akimaliza, afute kilicho chake mbele ya mwenyewe. Na bora zaidi, afundishe wanawake ufundi huu. Kuisafisha hedi kwataka mkono laini na subira, na mabinti zetu wanavyo vyote viwili.

Na mwenye nyumba naye ana wajibu. Atoe kaseti zake azipange: zipi ni za maulidi na mawaidha, ambazo fundi yeyote aweza kuzishika, na zipi ni za faragha, ambazo hazitoki nyumbani ila pamoja na mtu wa nyumba atakayekaa hapo mpaka mwisho. Awaulize waliomo kabla ya kunakili, kwani bibi arusi wa mwaka 1986 huenda leo ni bibi wa wajukuu, na huenda hataki tena kuonekana vile. Akisema hataki, basi iachwe ife na utepe wake. Si kila kilichonaswa kinastahiki kudumu. Na kilichohamishwa kiwekwe nakala mbili, katika mikono miwili iliyo aminifu.

Yule mama wa Izigo, akimpata fundi mwenye ujuzi na asiwe na amana, atapata picha na kupoteza sitara. Akimpata mwenye amana asiye na ujuzi, atasitirika na kupoteza sauti ya baba yake. Twahitaji mafundi wenye yote mawili, na twawahitaji sasa, kabla mpira wa mwisho haujakauka. Twamuomba Mwenyezi Mungu awape mafundi wetu ujuzi na uaminifu, awarehemu waliomo katika kaseti zetu, na atusitiri sisi na wao. Amin.