Jiwe la figo limetoka, mpira umebaki: saumu na udhu wa mgonjwa

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Tumeulizwa kutoka Mbebe, mkoa wa Songwe, na ndugu aliyetibiwa jiwe la figo mjini Mbeya. Maumivu yamekwisha, nauli ya kurudi hospitali ni nzito, na Ramadhani imekaribia. Je, asubiri mpaka baada ya Idi? Swali hili ni la Unguja na Pemba pia, kwani wapo wanaotibiwa Dar es Salaam, wakishavuka bahari huona yamekwisha.

Jibu letu ni kwamba asisubiri bila ya idhini ya daktari wake. Jiwe likishavunjwa, mara nyingi huachwa mpira mwembamba katika njia inayoshusha mkojo kutoka figo hadi kibofu, ili uvimbe na vipande vilivyobaki visiizibe. Hauonekani kwa nje, ndiyo maana husahauliwa. Hutakiwa kutolewa ndani ya siku, wiki au miezi michache, kama daktari atakavyopanga. Ukipitiliza, chumvi za mkojo huganda juu yake ukawa wenyewe jiwe, na figo huweza kuharibika bila ya maumivu makubwa. Zamzam ina baraka, na habbat sauda Mtume ameisifu, lakini mpira hutolewa na daktari. Kabla ya kutoka wodini, mgonjwa na jamaa yake waulize: kuna mpira ndani? Unatolewa tarehe gani?

Damu kidogo katika mkojo, au kwenda haja mara kwa mara, ni jambo la kawaida mpira ukiwemo. Homa yenye kutetemeka, au mkojo kukatika, si kawaida. Aende hospitali usiku huohuo.

Ama saumu, mgonjwa wa mawe huagizwa anywe maji ya kumpatia mkojo wa lita 2 hadi 2.5 kwa siku. Daktari mwaminifu akimwambia kufunga kutamdhuru, ruhusa iliyomo katika Al-Baqara, aya ya 184 na 185, inamhusu, naye atalipa akipona. Fidia ya kibaba kwa kila siku ni ya asiyetarajiwa kupona. Wapo wazee wanaoona haya kunywa maji mbele ya wajukuu. Hapana haya katika ruhusa ya Mola. Aliyeruhusiwa kufunga augawe unywaji wake kuanzia futari hadi daku, na apunguze chumvi na nyama. Maziwa asiyaache kwa kudhani ndiyo yaletayo mawe.

Mpira ukitolewa mchana wa Ramadhani kwa kifaa kinachopitishwa njia ya mkojo, kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Shafi ni kuwa saumu imefunguka. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, Jeddah, mwaka 1997 liliona haifunguki. Sisi tunamshauri ailipe siku hiyo ili atoke katika khitilafu. Tarehe ya daktari asiisogeze kwa ajili hiyo.

Anayevujwa na mkojo asiweze kuuzuia atajisafisha, atajifunga kitambaa safi, atatia udhu baada ya wakati kuingia na kuswali papo hapo, kila faradhi kwa udhu wake. Kitakachotoka akiwa ndani ya swala hakimdhuru.

Wallahu aalam.