Nyerere, Julius Kambarage: mkulima na muumini

Julius Kambarage Nyerere (1922–1999), rais wa kwanza wa Tanzania, alikuwa pia mkulima na Mkatoliki mshika ibada. Alizaliwa Butiama, mwana wa chifu Burito wa Wazanaki, akabatizwa mwaka 1943. Mwaka 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel Magige. Walijaliwa watoto wanane. Dar es Salaam familia iliishi Msasani. Alipong'atuka urais mwaka 1985 alirudi Butiama kulima, na hayo hayakuwa mapambo ya mstaafu: siasa yake yote iliegemea jembe. Injili zote nne alizitungia tenzi. Mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri.