Binzari ya senti 20

Ndugu msikilizaji, baada ya mazungumzo yangu ya juma lililopita juu ya reli ya kati, nilipata barua kutoka kwa msikilizaji mmoja wa Dodoma mjini. Anauliza swali fupi: wale wenye maduka waliotoka Bara Hindi, ambao wazee wetu waliwakuta kila penye stesheni na kila penye njia panda, mtaji waliutoa wapi? Walikuja na fedha mfukoni, au fedha hizo walizipata kwetu?

Nimelipenda swali hili kwa sababu mimi mwenyewe nimekulia Buigiri, na katika Buigiri ya utoto wangu kulikuwa na duka moja la namna hiyo. Mwenyewe simtaji jina. Watoto wake wapo hai, na hawajanituma niwasemee.

Lilikuwa duka dogo: mlango mmoja, kaunta ya mbao, mizani, pipa la mafuta ya taa, chumvi, viberiti, sabuni ya mche na majora mawili matatu ya kaniki. Kilicholitofautisha na maduka mengine ni harufu. Uani, mkewe na binti zake walikaanga giligilani na binzari nyembamba katika karai, wakatwanga kinuni pamoja na manjano, pilipili, mdalasini na karafuu, kisha wakachekecha kwa kitambaa. Unga ule ulifungwa katika vipande vya gazeti vilivyokunjwa mfano wa pembe, kila kimoja senti 20, ile sarafu yenye picha ya mbuni. Sisi watoto tuliotumwa chumvi tulikuwa tukisimama mlangoni tunavuta pumzi bure, maana hewa haikupimwa kwenye mizani.

Sasa hebu fikiri. Chakula cha Mgogo ni ugali wa uwele au wa mtama, na mboga yake ni mlenda, ambao ukitiwa karanga mambo yamekwisha. Kiungo tulichokijua ni chumvi, na hiyo tulikuwa nayo wenyewe: wazee wetu waliitoa katika udongo wa mbuga za Bahi na kuifanyia biashara kabla mgeni yeyote hajafungua duka. Basi mtu anayekuja kuuza binzari katika nchi ya mlenda anamtegemea nani?

Jibu linaanzia mbali, Unguja na Bagamoyo. Watu wa Kutch na Gujarat walikuwa wakija pwani yetu kwa majahazi tangu kale, kaskazi ikiwaleta na kusi ikiwarudisha. Lakini waliokaa kwa wingi ni wale wa karne ya 19, wakati Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja na mikarafuu iliyotoka Mauritius ilipoenea visiwani, ikipandwa na kuchumwa na watumwa. Tusiisahau habari hiyo tunapoisifu harufu ya karafuu. Matajiri wa Kihindi wa Unguja waliwakopesha wenye mashamba, wakawakopesha wenye misafara, na mmoja wao, Jairam Shivji, alikodishiwa hata ukusanyaji wa ushuru wa forodha. Tajiri wa Unguja alimpa bidhaa mwenzake wa Bagamoyo kwa mkopo, yule wa Bagamoyo akampa mwenye msafara kwa mkopo, na hesabu ilifanywa pembe za ndovu zikirudi. Fedha taslimu zilionekana kwa nadra. Kilichotembea ni deni.

Wasikilizaji wa Dar es Salaam wanalijua jina moja la enzi hizo pasipo kujua kwamba wanalijua. Ukienda Muhimbili kumtazama mgonjwa unaweza kuambiwa, "Amelazwa Sewahaji." Huyo Sewa Haji Paroo, aliyezaliwa mwaka 1851 na kufariki mwaka 1897, alikuwa mfanyabiashara wa Bagamoyo. Kazi yake ilikuwa kuandaa misafara ya bara, yaani wapagazi, vitambaa, shanga na kila kilichohitajika njiani, na sehemu ya mali yake aliitoa kwa shule na hospitali. Kwake alifanya kazi kijana mmoja aliyetoka Kutch akiwa bado mtoto, Allidina Visram. Kijana huyo baadaye alifuata njia ya misafara akifungua duka baada ya duka, hadi Tabora, Ujiji na Uganda. Alipofariki mwaka 1916 alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa kabisa wa Afrika Mashariki.

Hao wawili wanakumbukwa kwa sababu walitajirika. Mwenye duka wa Buigiri hakutajirika, na watu wa namna yake ndio walikuwa wengi.

Wengi wao walianza hivi. Ami au mjomba aliyekwisha kupata duka huku aliandika barua nyumbani: nileteeni kijana. Nauli alilipa yeye. Kijana akafika, akalala juu ya magunia dukani, akala chakula cha nyumba, akafanya kazi miaka miwili au mitatu bila mshahara wa kuutaja. Alipokwisha kujua mizani, Kiswahili na tabia za wateja, mjomba alimpa bidhaa kwa mkopo na kumwambia aende mahali ambapo hapajawa na duka. Yeye naye akishasimama anaoa, au analetewa mke, na huyo mke ndiye kiwanda. Nilipokuwa mtoto nilidhani binzari inatengenezwa na mwenye duka. Kumbe yeye alikuwa anauza tu. Binti wa miaka 10 anayetwanga binzari uani haandikwi katika vitabu vya hesabu, lakini mtoe yeye uone kama ile pembe ya gazeti itaweza kuuzwa senti 20.

Ndiyo maana nasema, ndugu mwandishi wa barua, mtaji wao wa kwanza ulikuwa mkopo wa jamaa, na wa pili ulikuwa jasho la nyumbani lisilolipwa. Fedha ilikuja ya tatu.

Reli iliwafungulia njia. Zamani misafara ilipita Ugogo kwa taabu, ikilipa hongo kwa watemi wetu kwa ajili ya maji ya visima. Wajerumani walianza kujenga reli Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kazi ya upagazi katika njia hiyo ikafa na maduka yakaota kando ya reli. Binzari nayo ilipata wateja. Hao hawakuwa Wagogo kwanza. Walikuwa watu wa pwani walioletwa na treni: makarani, askari, wapishi, mafundi. Sisi wa Buigiri, ambako reli inapita kusini yetu kidogo, tuliijua baadaye, kwa mlango wa Krismasi na arusi. Bibi yangu alikula mlenda mwaka mzima na pilau siku moja, na kwa siku hiyo moja alianza kuwaza binzari tangu Novemba.

Sisemi kwamba wenye maduka walikuwa malaika. Ugogo ni nchi ya njaa, na kila aliyezaliwa huko anajua namna biashara ya nafaka inavyokwenda: wakati wa mavuno mtama unanunuliwa kwa bei ya chini kwa sababu kila mtu anao na kodi inadaiwa, na ghala zikiisha mtama ule ule unarudi kwa bei nyingine. Wazee walioikumbuka Mtunya, ile njaa kuu iliyofuata majeshi ya Vita vya Kwanza kuchukua nafaka, mifugo na vijana wetu, hawakupenda kusikia mwenye ghala akisifiwa. Kuhusu mizani nayo maneno yalikuwa mengi, na mengine yalikuwa ya kweli.

Lakini kuna jambo ambalo barua ya msikilizaji wangu haikuligusa, nami naliona ndilo kubwa. Kwa nini Mgogo aliyejua kuuza chumvi, asali, nta na ng'ombe hakuanza duka kwa njia hiyo hiyo? Watu husema haraka kwamba Mwafrika hakujua biashara. Mwaka 1923 serikali ya Waingereza ilitunga sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji wa Tanganyika. Kwa sheria hiyo, mfanyabiashara asiye mwenyeji aliyemkopesha Mwafrika hakuweza kumdai mahakamani, isipokuwa kama mapatano yao yaliandikwa na kukubaliwa na ofisa wa serikali. Serikali ilisema inawalinda wenyeji wasizame katika madeni. Huenda baadhi walilindwa. Lakini muuzaji wa jumla wa Dodoma mjini, akiwa na magunia kumi ya sukari ya kukopesha, alimpa nani? Alimpa yule anayeweza kushtakiwa, ambaye tena ni mpwa wa rafiki yake. Mtoto wa Buigiri hakuwa na mjomba mwenye duka, na sheria ilihakikisha kwamba wasio wajomba zake hawatathubutu. Mlango ambao mgeni aliingilia ndio huo mwenyeji alifungiwa, na baadaye akaambiwa kwamba hajui kutembea.

Ajabu ni kwamba mikopo midogo haikukoma kwa sheria hiyo. Nilipokuwa na akili za kukumbuka mambo, bibi yangu alikuwa katika daftari la duka lile kama wenzake wote. Alikopa chumvi na mafuta ya taa, na Desemba binzari. Alilipa kwa karanga na kuku baada ya mavuno. Mwenye duka alimsalimu "Mbukwenyi" kwa Kigogo safi na kumwita mama, ingawa umri wao haukupishana sana. Daftari liliandikwa kwa Kigujarati, wala hakuna mteja aliyeweza kusoma anachodaiwa. Bibi alihesabu deni lake kwa kokoto ndani ya kibuyu. Siku ya kulipa, kokoto na daftari vilikutanishwa, na mara nyingi vilikubaliana. Visipokubaliana walibishana hadi jua linazama, kesho yake akatuma tena chumvi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1967 lilikuja Azimio la Arusha, na mabenki pamoja na makampuni makubwa ya kuagiza bidhaa yakawa mali ya umma. Jirani yetu Chamwino kikawa kijiji cha ujamaa ambacho Mwalimu mwenyewe alikipenda na kukitembelea. Mwaka 1971 ilitoka sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na Wahindi wengi wa mijini wakafunga mizigo. Huyu wetu hakuwa na jengo la thamani hiyo. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na mabati. Yeye aliguswa mwaka 1976, na Operesheni Maduka, iliyotaka maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe ili pawepo maduka ya vijiji. Wakati huo wengi wa wenye maduka vijijini walikuwa Waafrika, nao wakafungiwa vile vile. Baadaye serikali yenyewe ilirudi nyuma, lakini aliyekwisha kuuza mizani yake harudi.

Nia ya duka la kijiji ilikuwa njema, nami niliishangilia. Nilikuwa kijana wa shule na nilijua maneno yote ya unyonyaji. Nisichokijua ni kwamba pamoja na mnyonyaji tulikuwa tunafunga pia daftari. Duka la kijiji halikukopesha, na kwa kweli lisingeweza: mali ilikuwa ya wote, nani angethubutu kuikopesha? Muda si mrefu halikuwa na cha kukopesha. Miaka ile ya mwanzo wa themanini wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka, hakuna sabuni wala sukari, na binzari nani angeiulizia. Mwaka 1984 milango ya biashara ilipoanza kulegezwa, bibi alikuwa hana tena meno ya kutafunia nyama ya pilau.

Mwenye duka alipoondoka alipita nyumba kwa nyumba kuaga. Hakuja na daftari. Bibi alikuwa anadaiwa shilingi 14, na kokoto zake zilishuhudia. Alinituma Dodoma mjini na kuku wawili, niwapeleke kwa ndugu wa yule mzee, lakini nilikuta mlango umefungwa kwa kufuli na jirani hajui walikokwenda. Nilirudi na kuku wale. Bibi hakuwala. Wakafa kwa kideri mwaka uliofuata.

Mwezi uliopita nilipita Buigiri. Siku hizi ni mahali pa magari mengi, kwa kuwa makao ya serikali yamehamia Dodoma na Ikulu mpya ya Chamwino iliyozinduliwa mwaka 2023 ipo hapo jirani. Kando ya barabara kuu nilimkuta mama mmoja na meza ya viungo: iliki, mdalasini, pilipili manga, binzari ya kutwanga katika vimfuko vya nailoni. Wenyeji wanamwita Mama Tanga. Nilimwuliza alianzaje. Akasema shangazi yake wa Muheza humtumia mzigo kwa basi, naye analipa akishauza. Binti yake alikuwa nyuma ya kibanda anatwanga.

Chini ya mizani palikuwa na daftari la shule lenye majina. Nikamwuliza kama wote wanalipa.

"Wengine wanahama, baba," alisema. "Nikupimie iliki ya shilingi ngapi?"