Viatu Vyeupe vya Toi

Nilivipata Toi Market, chini ya rundo la gambuti: jozi ya viatu vyeupe vya ngozi, shingo ndefu, na chuma kirefu chini ya soli. Muuzaji aliniitisha mia nane, kisha akaniuliza mimi ni vya nini. Nikamwambia vya kuteleza kwenye barafu.

"Barafu gani, msee wangu? Ile ya friji?"

Tukaelewana mia tano.

Nyumbani niliona mambo mawili. Kwenye chuma pamechongwa Sheffield, ule mji wa Uingereza unaojulikana kwa chuma chake. Na kwenye kifundo, ngozi ilikuwa na mikunjo mirefu. Nikadhani ni uzee tu. Kumbe mchezaji mzoefu akiona mikunjo hiyo anajua kiatu kimekufa: kimelegea pale pale ambapo mguu unahitaji kushikwa. Aliyekuwa navyo alikuwa anaruka, si kucheza.

Hadi katikati ya karne ya 19, watu walifunga skati kwa mikanda chini ya viatu vyao vya kawaida. Anayesifiwa kwa kukaza chuma moja kwa moja kwenye buti ni Mmarekani Jackson Haines, aliyekuwa pia mcheza densi. Kwao hawakumjali sana, akavuka kwenda Ulaya miaka ya 1860, na Vienna wakampenda kupindukia. Chuma kikishikana na kiatu, mguu unaweza kuthubutu. (Ingawa Axel Paulsen, Mnorwe, aliruka ule mruko wenye jina lake mwaka 1882 akiwa na skati za mbio. Wengine hawangoji vifaa.)

Kwa miongo mingi mashindano yalikuwa na sehemu mbili, kuchora maumbo kwenye barafu na kucheza kwa muziki. Wachezaji wakubwa walikuwa na jozi mbili. Ya kuchora ilikuwa laini, meno ya mbele ya chuma yamepunguzwa yasikwaruze mchoro. Baada ya 1990 maumbo yaliondolewa kwenye mashindano ya dunia. Kuruka kukatawala, na buti zikazidi kuwa ngumu.

Ndiyo maana kwa mzoefu saizi ni mwanzo tu wa mazungumzo. Swali kubwa ni ugumu, na jibu linategemea uzito wako na unachoruka leo, si unachoota kuruka. Ukizunguka hewani mara tatu, unatua kwa mguu mmoja na nguvu iliyo mara kadhaa ya uzito wako. Buti laini itakuangusha. Ngumu kupita kiasi inakunyima kukunja kifundo, na mshtuko unapanda hadi goti, nyonga, mgongo. Kwa hiyo kununua buti za bingwa kwa sababu ni za bingwa ni ujinga wa gharama kubwa. Kisigino kisicheze hata kidogo. Vidole viguse mbele ukisimama wima, virudi nyuma kidogo ukikunja magoti. Buti nyingi za ngazi hii huuzwa bila chuma. Unakichagua kando, na fundi anakifunga akifuata mguu wako. Nyingine hutiwa joto kwenye oveni, unazivaa zikiwa moto ili zichukue umbo lako.

Nilikuwa nasoma haya yote nikitikisa kichwa kama mwanafunzi mwema, hadi nikafika kwa Mabel Fairbanks. New York, miaka ya 1930, msichana mweusi ananunua skati kuukuu kwenye duka la vitu vya rehani. Zinamzidi saizi mbili. Anajaza pamba. Viwanja vinamfukuza kwa sababu ya rangi yake, na mashindano ya taifa hakuwahi kuruhusiwa. Baadaye, Los Angeles, akawa kocha. Mwanafunzi wake Atoy Wilson alishinda taji la kitaifa la chipukizi mwaka 1966. Yeye mwenyewe aliingizwa kwenye orodha ya heshima ya mchezo huo Marekani mwaka 1997.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, mjomba alisema kozi ile haikuwa saizi yangu. Sikumjibu. Karo ndiyo haikuwa saizi yangu. Siku hizi nawaza ile pamba.

Vyangu vinanizidi saizi moja. Nimevipeleka kwa fundi pale stage atoe chuma, aweke magurudumu, nijiunge na wale wanaoteleza parking Jumapili. Amebonyeza ile mikunjo kwa kidole gumba, akaguna. Amesema nirudi Ijumaa, nije na soksi nzito.