Papenburg, mji ilikoundwa Liemba

Julai 1916, mafundi wa meli kutoka Papenburg, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, waliamriwa kuizamisha meli waliyoiunga kwa mikono yao, isije ikatekwa vitani. Walitii, lakini kwanza walizipaka mashine zake grisi nene. Kisha meli hiyo, Goetzen, ikashuka chini ya Ziwa Tanganyika, karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 waliikuta bado inafaa kutengenezwa. Mwaka 1927 ikarudi kazini, sasa ikiitwa Liemba.

Papenburg yenyewe haiko pwani. Dietrich von Velen aliianzisha mwaka 1631 katikati ya kinamasi, penye udongo mweusi unaokatwa, kukaushwa na kuwashwa kama kuni. Ili kukausha ardhi, watu walichimba mifereji. Ili kuuza ule udongo, walipitisha mashua kwenye mifereji hiyohiyo hadi mto Ems. Asiye na mashua hakuwa na biashara. Ndivyo wakulima wa matopeni walivyogeuka waunda vyombo.

Kiwanda cha Meyer kilianza mwaka 1795 kwa meli za mbao, na katika miaka ya 1870 kikaingia kwenye chuma. Goetzen, yenye urefu wa mita 71, iliundwa huko mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kupakiwa katika makasha yapatayo 5,000. Makasha yakaja Dar es Salaam kwa bahari, yakapanda treni hadi Kigoma, na huko meli ikaungwa upya kwa ribiti. Iliteremshwa ziwani Februari 1915. Kazi ya aina hiyo inastahili heshima, hata kama iliagizwa na dola la kikoloni.

Leo Meyer huunda meli za kitalii zenye urefu wa zaidi ya mita 300. Mto Ems ni mwembamba mno kwazo, hivyo hutoka kinyumenyume, taratibu, zikichomoza juu ya mapaa ya nyumba na malisho ya ng'ombe. Tangu 2002, lango kubwa la maji huko Gandersum hufungwa ili kina kiongezeke.

Mto umelipa gharama: umechimbwa mno, umejaa tope, na wakati wa joto samaki hukosa hewa. Mwaka 2024 kiwanda kilipokaribia kufilisika, serikali kuu na jimbo la Niedersachsen zilichukua takriban asilimia 80 ya hisa ili maelfu ya mafundi wasikose ajira.